Mtaro wa Mama Mkwe

Daktari wa Kitale aliniambia mambo mawili katika kikao kimoja, na sidhani alilikumbuka la kwanza alipokuwa akisema la pili. La kwanza, nikimbie. Sukari yangu ilikuwa imepanda kiasi kwamba alikitikisa kile kijimashine na kupima upya. La pili, nisiloweshe miguu. Kwa mtu mwenye sukari, alisema, lengelenge si lengelenge. Ni mlango, na kinachoingia hapo hakitoki kirahisi. Ushauri huo alinipa mwezi wa nne, mvua ikipiga bati la zahanati kwa nguvu hadi akalazimika kuurudia kwa kupaza sauti.

Habari ya mlango sikuhitaji kufafanuliwa. Baba yangu alianza na kidole kidogo cha mguu. Kikaenda kidole, ukaenda mguu hadi goti, halafu akaenda mwenyewe. Mimi nilikuwa nakaribia umri aliokuwa nao alipokatwa, na nilianza kuhisi ganzi ile ile nyayoni, kama mtu anayekanyaga sakafu kupitia blanketi. Niliogopa. Nasema wazi kwa sababu wanaume wa kwetu hawasemi, na wengi wao wamekufa wakiwa hawajasema.

Basi nikaanza kukimbia. Mtu mwingine angeanza na kutembea, lakini mimi ni mzaliwa wa Kitale, na Kitale ukiambiwa na daktari ukimbie, unafikiria kilomita ishirini na moja. Kila mtu mjini ana binamu, jirani au mpangaji aliyewahi kukimbia nje ya nchi. Nilijiandikisha moyoni kwa mbio za nusu marathoni ambazo hazikuwa zimetangazwa na mtu yeyote, nikanunua raba, nikaanza mazoezi.

Vijana wa Mlima Elgon hupita mjini alfajiri wakiwa wameshuka kutoka Saboti, wamenyooka, hata hawahemi, na watu huwapisha kama wanavyolipisha lori la maziwa. Hakuna anayegeuka kuwatazama. Mimi nilipopita na kitambi changu, waligeuka.

“Mzee, wenzako walishapita kitambo!” mama mmoja anayeuza chai karibu na posta aliniambia kwa huruma.

Miguu niliitunza kama mayai. Kabla ya kutoka mke wangu alinipaka mafuta ya mgando katikati ya vidole, kisha nikavaa soksi, kisha juu ya soksi karatasi za mkate, zile za nailoni, moja kila mguu, kisha raba. Karatasi ya mkate inazuia maji ya barabarani vizuri kuliko vitu vingi vya bei. Tatizo lake ni kwamba unakimbia ukinuka mkate mbele ya watu ambao hawajanywa chai. Nikirudi, mke wangu alinikalisha kwenye kiti na kuikagua miguu yangu kwa kioo chake cha mkono, nyayo, visigino na katikati ya vidole, bila kusema kitu. Akimaliza angesema “Haya,” na siku ingeanza.

Mambo yalikuwa yakienda vizuri. Sukari ilianza kushuka. Ndipo serikali ikaniletea uhamisho.

Mimi ni mpima ardhi. Mpima ardhi wa serikali huenda mahali watu wanapogombania mipaka, na mwaka huo Bungoma walikuwa wakigombania zaidi. Mke wangu alifurahi sana, kwa sababu Bungoma ndiko kwao. Tukapanga nyumba upande wa Musikoma, na asubuhi ya kwanza nikavaa karatasi zangu za mkate nikatoka.

Bungoma ni mji wa watu wastaarabu, na mtu mzima haonekani akikimbia bila sababu. Mtu mzima akikimbia alfajiri kwenye manyunyu, kuna msiba, kuna mwizi, au kuna mtu amepelekwa hospitali. Kabla sijafika mbali watu watatu walikuwa wamenisimamisha.

“Pole sana, mzee. Ni nani ametuacha?”

“Hakuna. Nafanya mazoezi.”

“Ah.” Aliniangalia juu hadi chini. “Basi pole tu.”

Mwendeshaji bodaboda mmoja alinifuata polepole kwa muda mrefu, akiniambia nipande anipeleke hospitalini, nisijali nauli, tutaongea tukifika. Nilipomwambia siendi hospitali alinijibu kwamba kwa ile pumzi yangu nitaenda tu. Nilikasirika, lakini si uongo.

Barabara sasa. Mvua ya Bungoma inanyesha jioni, pamoja na radi, na radi ya huko haina mzaha. Kwa hiyo jioni haifai. Asubuhi kunabaki maji. Barabara za udongo zinageuka ugali ambao haujaiva, na raba inabaki humo wewe ukiendelea mbele na soksi. Kuelekea upande wa Mumias kuna lami, lakini haina pembeni, na matrekta ya miwa yanapita na trela mbili mbili zikiyumba. Nilijaribu mara moja. Niliponea chupuchupu kugongwa na miwa, na nikawaza kwamba kama ni sukari iniue, basi angalau inifuate kwa njia ya kawaida. Ikabaki barabara moja tu ya kukimbilia: lami pana inayotoka Musikoma, inapita mjini, inafika Kanduyi. Ina pembeni pazuri na mtaro mkubwa wa saruji kila upande.

Na karibu na Kanduyi, kando ya lami hiyo, ndipo mama mkwe wangu ana kibanda chake cha mboga.

Hapa inafaa nieleze. Wazazi wangu walitoka huko kati ya nchi wakanunua shamba Saboti, Trans-Nzoia, na kwetu mama mkwe unamsalimia kwa heshima, unaketi, unapewa chai. Kwa watu wa mke wangu, mume hakutani ana kwa ana na mama mkwe wake. Hampi mkono, hali naye meza moja, na wakionana njiani mmoja anatoka njiani. Si ugomvi, ni heshima, na inawabana wote wawili. Nilidhani yeye, mwalimu mstaafu, mwanamke wa kanisa, atakuwa ameyaacha hayo. Hakuyaacha. Miaka yote ya ndoa yetu nilikuwa nimeona leso yake ikiingia mlango wa nyuma, na mara moja kisigino. Zaidi ya yote, mama mkwe hapaswi kumwona mkwe wake akiwa amevaa ovyo, na kaptula ya kukimbilia iliyolowa mvua ni ovyo wa daraja la kwanza.

Nilimwuliza shemeji yangu, kaka wa mke wangu, nifanyeje.

“Shemeji, hiyo kitu ni lahisi,” alisema. “Ukiona yeye kwa balabala, wewe ingia mtaro. Ukiwa kwa mtaro, hakuna mtu ameona mtu.”

“Na mtaro ukiwa na maji?”

“Si utatoka, bana. Maji inakauka.”

“Na kama ningevaa suruali ndefu?”

Alifikiri kwa makini. “Ati suruali? Hapana. Shida si kaptula peke yake. Shida ni wewe.”

Siku ya kwanza nilimwona kwa mbali amebeba kabichi kichwani, nami nikaruka mtaroni bila kusita. Maji yalinifika kwenye vigimbi vya miguu. Nilijisifu kwa wepesi wangu, hadi nilipogeuka nikaona kwamba naye alikuwa ameniona, na kwa heshima ile ile alikuwa ameingia mtaro huo huo, hatua chache mbele yangu, na kabichi zake. Nikageuka haraka upande wa Musikoma. Yeye akageuka upande wa Kanduyi. Tukasimama humo majini, kila mmoja akingoja mwenzake atoke kwanza. Mimi nilingoja kwa sababu mdogo humwachia mkubwa. Yeye, nadhani, alingoja kwa sababu akitoka ataonekana akitoka. Waendesha bodaboda wa pale stejini, wanapongojea abiria, wakakusanyika.

“Mama, toka!” mmoja wao alipaza sauti hatimaye. “Toka tu, mzee amefunga macho!”

Nilikuwa nimeyafunga kweli.

Tangu siku hiyo kukawa na utaratibu. Watu wa stejini walinipigia kelele mapema nilipokaribia, “Mzee, mama yuko!” au “Mzee, mama ameenda sokoni Kamukuywa, pita!” Mama alipokuwepo mimi niliingia mtaroni, nikakimbia humo nikiwa nimeinama hadi nimepita kibanda, kisha nikapanda lami. Yeye naye alijiinamia nyuma ya magunia. Alikuwa hatoki tena barabarani saa zangu, na nilielewa kwamba naye alikuwa anapoteza wateja kwa ajili ya sukari yangu. Heshima si utumwa, husemwa, na mimi sikuona utumwa wowote, niliona maji. Karatasi ya mkate inaweza kuzuia dimbwi. Haiwezi kuzuia mtaro. Nilikuwa nikimalizia kilomita zote zilizobaki kila raba ikiwa na maji yake, na maji ya mtaro wa mji si ya mvua peke yake.

Mtu mwenye akili angekoma. Mimi nilijiambia kwamba mwili utazoea, na kwamba nikikagua miguu kila siku hakuna litakaloharibika. Kwa kweli niliona aibu kushindwa na mila za mke wangu mbele ya watu wa kwao, hasa watu wa stejini, ambao kwa wakati huo walikuwa wakinijua kuliko wafanyakazi wenzangu.

Asubuhi moja mke wangu alinivua soksi akaiinua kwenye mwanga.

“Hii ni damu ya nani?”

“Yangu, nadhani.”

“Unadhani?”

Niliinama nikatazama. Chini ya kidole kikubwa ngozi ilikuwa imetoka yote na nyama inaonekana, nyeupe pembeni kwa kulowa. Nilikuwa nimekimbia nayo hivyo kutoka Kanduyi hadi Musikoma. Sikuhisi chochote. Nilikibonyeza kidole kwa kucha, nikitumaini maumivu, na hayakuja. Sijawahi kutaka kuumia kama nilivyotaka asubuhi ile.

Mke wangu aliweka kioo chini. “Mimi nilimwona baba yako akibebwa mpaka chooni,” alisema. “Mtu mkubwa vile. Akifunika uso na kofia ili tusimwone. Mimi sitaki kukubeba, Baba watoto. Unasikia? Nitakubeba, lakini sitaki.” Kisha akalia, nami nikakaa pale na mguu wangu hewani, kwa sababu hakuniambia niuteremshe.

Tulirudi Kitale kwa daktari yule yule. Alisafisha, akakata, akafunga. Mimi nikatazama ukutani.

“Uliuloweshea wapi?”

“Kwenye mtaro.”

“Ulianguka?”

“Niliingia.”

Akaacha kufunga. “Kwa nini?”

“Mama mkwe.”

Nilikuwa nimesahau kwamba yeye mwenyewe ni mtu wa Bungoma. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepata maelezo kamili ya kitaalamu. “Basi hukuwa na la kufanya,” alisema, akaendelea kufunga. Kisha, bila kubadilisha sauti: “Lakini kikifunguka tena, hatutazungumza habari ya bendeji. Tutazungumza habari ya kisu. Kwanza kidole. Unaelewa ninaposema kwanza?”

Nilielewa.

Kidonda kilichukua muda mrefu kufunga. Nilikaa nyumbani na ofisini na mguu juu ya kiti, na sukari ikaanza kupanda tena, kwa sababu mguu ukipona kwa kukaa, sukari hupona kwa kutokaa. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo: unakupa dawa mbili zinazogombana kisha unatazama. Mke wangu alisema atazungumza na mama yake. Nilimkataza, na nilimkataza kwa ukali. Mwanamume haendi kumshtaki mama mkwe wake kwa sababu anafanya yaliyo sawa. Na angesema nini? Kwamba mama ahamishe kibanda alichokaa miaka yote ili mimi nipite na kaptula?

“Sawa,” alisema mke wangu. Huwa sijui hiyo sawa yake ina maana gani.

Daktari aliponiruhusu kukimbia tena ilikuwa mvua za mwezi wa nane, na nilikuwa na ngozi mpya chini ya kidole, laini na ya waridi, isiyojua lolote. Mke wangu aliipaka mafuta kwa kidole kimoja. Nilivaa soksi mpya na karatasi mpya za mkate. Usiku kucha ilikuwa imenyesha, na asubuhi ile, kinyume na desturi, ilikuwa bado inanyesha, mvua nyembamba ya kubembeleza. Nilikimbia katikati ya lami, nikiruka madimbwi kama mbuzi, na nilipopita mjini raba zangu zilikuwa bado kavu ndani. Nilizisikiliza. Ukishazoea unajua kwa sauti.

Karibu na Kanduyi watu wa stejini hawakunipigia kelele. Walikuwa wamejikunyata chini ya bati, wakanitazama tu. Nikatazama mbele. Mtaro ulikuwa umejaa hadi ukingoni, maji ya rangi ya chai yakipita na chupa na majani ya mboga. Na mama alikuwepo. Hakuwa nyuma ya magunia. Alikuwa amesimama mbele ya kibanda, kando kabisa ya lami, mvua ikimnyeshea.

Nikapunguza mwendo, kisha nikasimama. Kwa mara ya kwanza sikujua la kufanya na mwili wangu. Kushoto kulikuwa na mtaro, na ndani yake kidole changu, na baada ya kidole yale yaliyompata baba. Mbele kulikuwa na mama mkwe, na kumpita ana kwa ana nikiwa na kaptula iliyonigandama ni kumvua nguo yeye, si mimi. Kurudi nyumbani kulikuwa kurudi kwenye kiti. Nilisimama kwenye mvua kama mtu anayengoja gari, na nakumbuka nilitazama mguu wangu wa kulia na kuuonea huruma, kana kwamba ni wa mtoto wa mtu mwingine.

Nikaanza kuelekea mtaroni. Ndiyo, nilianza. Mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye ukingo wa saruji.

Mama akageuka. Alinipa mgongo, akajisogeza hadi uso wake ukawa karibu kugusa ua wa michongoma ulio kando ya kibanda, akavuta leso kichwani akaifunika hata mashavu. Akasimama hivyo. Mgongo mpana, sweta ya kijani, gambuti. Kisha akaanza kusema, kwa sauti ya mwalimu anayetaka dawati la nyuma lisikie, na aliyekuwa akiambiwa ni ule ua.

“Wewe ua, sikiza nikwambie. Kuna mtu anapita hapa kila asubuhi. Mimi husikia viatu yake ikilia maji mpaka inapotea. Nilidhani ni mvua. Sasa binti yangu ameniambia si mvua. Ni mimi.”

 Pale stejini pikipiki moja iliyokuwa ikinguruma ikazimwa.

“Baba yake nililia yeye nikiwa nyuma ya nyumba,” aliuambia ua. “Huko Saboti. Nilikaa huko kwa jikoni na akina mama wengine mpaka wakafunika kaburi, na huyo kijana hakujua kama nilifika. Ilikuwa hivyo, haikuwa na shida. Sasa nikifikiria huyu mwenyewe akienda, nitakaa wapi? Nitakaa nyuma ya nyumba tena. Nitalilia mtoto wangu kwa jikoni, sitaona hata sanduku. Hiyo mimi nimekataa.”

 Mimi nilikuwa nikidhani hakuja siku ile tulipomzika baba. Sikuwahi kumwuliza mtu, wala kumlaumu kwa mdomo, lakini miaka yote hiyo nilidhani hakuja.

“Kwa hivyo ambia yeye apite kwa lami,” alisema. “Mimi nitageuka. Kila siku nitageuka, ata mvua ikinyesha namna gani. Kugeuka si kazi.”

Nilitaka kumjibu, lakini hatukuwa na njia ya kujibu. Hata ua ulikuwa wake. Nikautoa mguu ukingoni. Nikaanza kukimbia tena, katikati ya lami, na nilipofika nyuma yake nikapunguza mwendo na kukanyaga kwa nguvu, hatua moja moja, asikie kwamba ndani ya viatu hamna maji.